"Alikuwa anaumwa nini?" Jinsi watafiti wanavyotafuta kinachoua watu wa umri wa kufanya kazi

Mwaka juzi tulimzika fundi mmoja hapa Nkuhungu, Dodoma, mtu wa miaka 44, watoto watatu, wa mwisho hajaanza hata chekechea. Jioni alirudi saiti akasema kichwa kinamgonga, akameza panadol mbili akalala, saa tisa usiku mkewe akashtuka mtu anakoroma vibaya na mkono wa kulia umelegea kama sio wake, wakaita bajaji lakini akakata roho kabla haijafika. Asubuhi kwenye turubai kila aliyekuja alimpa pole mjane alafu akasogea pembeni kuuliza swali letu lile la misibani, hivi alikuwa anaumwa nini? Na jibu likawa linazunguka kutoka kiti hadi kiti: presha. Mwingine akasema ni mawazo ya mkopo, na wazee wawili kule nyuma wakasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu walikuwa hawaelewani nae mambo ya kiwanja. Saa kumi tukazika, tukala, tukatawanyika.

Mi lile swali halijanitoka mpaka leo. Maana ukiangalia vizuri ni swali zuri kuliko tunavyodhani, ila tunaliacha njiani. Tukishapata neno moja tunaridhika, presha, sukari, ajali, kifua, basi. Wakati wanaofanya kazi ya kutafuta kwanini watu wanakufa kabla ya wakati wao wanaanzia pale pale sisi tunapoishia. Nimekuwa nikisoma na kuuliza kuhusu hii kazi kwa muda sasa, na naomba niieleze kadri ninavyoielewa, kwasababu naona inatuhusu sana sisi tunaozika watu wa miaka 35, 40, 50 na kusema tu kazi ya Mungu haina makosa. Kweli haina, lakini hata aliyeumba alitupa macho.

Tuanze na hilo neno sababu. Fomu ya daktari ya kuthibitisha kifo, ambayo muundo wake umewekwa na Shirika la Afya Duniani na unatumika karibu kila nchi, haina kisanduku kimoja cha kuandika sababu. Ina mistari inayoshuka. Mstari wa juu unaandika kilichomuua moja kwa moja, wa chini yake unaandika hicho kimeletwa na nini, chini tena hicho nacho kimetoka wapi, unashuka hivyo hivyo mpaka unafika pale mambo yalipoanzia. Fundi wetu angefia hospitali wakapiga kipimo cha CT, labda ingesomeka hivi: juu kabisa ubongo kubanwa na damu, chini yake mshipa wa kichwani kupasuka, yaani kiharusi, chini yake shinikizo la damu la miaka kadhaa. Na pembeni kuna sehemu nyingine ya magonjwa yaliyochangia bila kuwa kwenye huo mnyororo, mfano kama alikuwa na sukari. Kinachohesabiwa kitaifa ni kile cha chini kabisa, chanzo, kwasababu ndo mahali unapoweza kukata mnyororo. Huwezi kwenda na kampeni ya kuzuia ubongo kubanwa na damu. Kampeni ya kupima presha inawezekana.

Ndo maana ukikuta fomu imeandikwa "moyo kusimama" na basi, hiyo ni sawa na haijaandikwa. Kila anaekufa moyo unasimama, wa malaria unasimama, wa bodaboda unasimama. Wataalamu wa takwimu za vifo wana jina la majibu ya namna hii, wanayaita takataka, na wanahangaika nayo kweli kwasababu kwenye nchi nyingi ni sehemu kubwa ya rekodi. Simlaumu daktari wa zamu usiku, ana wagonjwa foleni na maiti ndugu wanaidai waiwahishe kijijini Mpwapwa kabla jua halijazama. Lakini ule mstari mmoja ulioachwa wazi ni mtu mmoja ambaye kifo chake hakitamsaidia mwingine.

Alafu hiyo ni kwa waliofia hospitali. Fundi alifia kitandani kwake. Mtendaji alitoa kibali cha mazishi, kaburi likachimbwa, na sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30 lakini kiukweli watu wengi wanakwenda kutafuta cheti RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, pale tu kunapokuwa na mafao, akaunti ya benki au kiwanja cha kurithi. Fundi hakuwa na mafao. Kwahiyo kwa upande wa takwimu ni kama hajafa, au ni kama hajawahi kuwepo, na hilo ndo linaniuma zaidi.

Hapo utaona tatizo la kutegemea ripoti za hospitali peke yake, zile zinazokusanywa kwenye mfumo wa MTUHA. Zina kazi yake kubwa tu. Lakini zinakwambia kinachoua watu waliofika hospitali, na waliofika sio sawa na wasiofika. Anaekaa Makole karibu na hospitali ya mkoa anafika, anaekaa kijijini huko Bahi ambako mvua ikinyesha korongo linakata barabara hafiki. Ugonjwa unaokokota mtu taratibu kama kansa unampa muda wa kufika, kinachoua kwa dakika arobaini hakimpi. Ukichora ramani ya vifo kwa kutumia hospitali tu utakuwa umechora ramani ya barabara na nauli.

Sasa watu wakafikiria, kama maiti imeshazikwa na hakuna daktari aliyemuona, nani anajua kilichotokea? Jibu ni rahisi mpaka linashangaza: waliomuuguza. Mke, mama, mdogo mtu aliyembeba. Kuna njia ya utafiti ambayo msaili anakwenda nyumbani wiki kadhaa baada ya mazishi, matanga yameshaanuliwa, anakaa na aliyekuwa karibu zaidi na marehemu anauliza maswali kwa mpangilio. Alianza kuumwa lini? Kichwa kilianza ghafla au kidogo kidogo? Upande mmoja wa mwili ulilegea? Mdomo ulienda upande? Alikuwa anakohoa, kwa muda gani, kulikuwa na damu? Alipungua mwili? Macho yalikuwa ya njano? Miguu ilivimba? Alianguka, aligongwa, aliumwa na nyoka? Alikuwa anatumia dawa gani, zipo? Na kwa mwanamke, alikuwa mjamzito au alijifungua ndani ya wiki sita? Baada ya hapo majibu yanasomwa na madaktari wawili kila mmoja kivyake bila kuonana, wakikubaliana sawa, wakitofautiana anaitwa wa tatu. Siku hizi kuna na programu za kompyuta zinazofanya hiyo kazi kwa kupima uwezekano, na Shirika la Afya Duniani limetoa dodoso moja linalotumika nchi nyingi ili majibu yalinganishike.

Sio njia kamilifu. Kiharusi, ajali, kifo cha uzazi vinatambulika vizuri kwasababu vina alama ambazo hata asiyesoma ataziona. Ila kutofautisha moyo na mapafu kwa kusimuliwa ni kazi, homa nayo kila mtu anasema malaria. Na kuna vitu familia haitasema siku ya kwanza, mtu alikuwa na VVU, au alijiua, au alikunywa gongo mpaka akaanguka. Msaili mzuri hajibishani na mtu anaesema marehemu alirogwa. Anasema pole mama, alafu anauliza, kabla hajafa ulimuona anafanyaje? Mtu ataendelea kuamini anachoamini na bado atakueleza kwa usahihi kabisa kwamba mkono ulilegea saa tisa usiku. Ndo unachohitaji.

Na Tanzania kwenye hili tuna historia ambayo wengi wetu hatuijui, tena ya kujivunia. Mwaka 1992 Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne cha Uingereza walianzisha mradi wa kufuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, ukajulikana kwa herufi AMMP. Kipindi hicho pesa na macho yote vilikuwa kwa watoto chini ya miaka mitano na mama wajawazito, na ilikuwa sahihi kuwaangalia, lakini mtu wa miaka 15 mpaka 60 alichukuliwa kama ameshavuka mto, huyo haumwi, huyo anafanya kazi. Mradi ukachukua sehemu tatu, maeneo ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai ambako watu wana ahueni ya maisha, na Morogoro Vijijini ambako hali ilikuwa ngumu. Wakahesabu watu wote kaya kwa kaya, wakarudi tena na tena kuhesabu, na kila kifo wakakifuata kwa yale mahojiano.

UKIMWI ulionekana, kila mtu alitegemea. Kifua kikuu, sawa. Kilichowashtua ni kiharusi. Matokeo yalitoka mwaka 2000 kwenye jarida la Lancet: kwa watu wa miaka 15 hadi 64, baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam kiharusi kilikuwa kinaua kwa mwaka wanaume 65 na wanawake 88 katika kila watu 100,000. Uingereza na Wales mwaka 1993 ilikuwa 10.8 kwa wanaume na 8.6 kwa wanawake. Isome tena hiyo. Ugonjwa tuliokuwa tunauita wa wazee, wa matajiri, wa wazungu wanaokula siagi, ulikuwa unaua watu wetu wa umri wa kazi mara sita, wanawake mara kumi. Hata Morogoro Vijijini, kwa watu wa jembe la mkono, ilikuwa 35 na 27. Na hii ni miaka ya tisini, kabla ya hizi chipsi tunazozilaumu kila siku.

Kwanini basi? Hapo ndo unashuka mstari mwingine kwenye mnyororo. Sehemu kubwa ni presha isiyotibiwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu asilimia 26 wana shinikizo la juu la damu, yaani kwenye daladala ya watu 20 ni watu watano hivi, na presha haiumi. Huyo mtu anapanda jukwaa, anabeba zege, anacheza bao jioni, na mishipa inachoka kimya kimya.

Sasa nirudi kwenye kitu ambacho kinawachanganya watu sana, mimi nikiwemo mwanzoni. Kauli ya "siku hizi watu wanakufa sana". Hapa Dodoma naisikia kila wiki, kwamba zamani mwezi ulikuwa unapita bila mtaa kupata msiba na sasa hivi turubai halikauki. Lakini sensa ya 2012 ilikuta wilaya ya Dodoma Mjini ina watu 410,956, na ya 2022 ikakuta jiji lina watu 765,179. Serikali imehamia, vyuo, mafundi kutoka kila mkoa, karibu watu mara mbili ndani ya miaka kumi. Watu wakiwa mara mbili misiba nayo ikiwa mara mbili hakuna kilichobadilika. Ndo maana huwezi kujua chochote kwa kuhesabu waliokufa peke yao, lazima ujue na walio hai, umri wao, na walikaa hapo muda gani. Ni kama hesabu ya kugawanya, vifo viko juu ya mstari, walio hai wako chini yake, na ugumu wote wa hii kazi uko kwenye hao wa chini.

Na umri lazima usawazishwe. Mji uliojaa wahamiaji vijana kama huu utaonekana una vifo vichache ukilinganisha na Kongwa au Kondoa vijijini ambako vijana wameondoka wamebaki wazee, na sio kwasababu mji una afya nzuri. Kwahiyo watafiti wanajiuliza, je kama sehemu zote zingekuwa na mchanganyiko mmoja wa umri ingekuwaje? Ndo maana ya ile "baada ya kusawazisha umri" niliyoitaja kule juu, bila hiyo kulinganisha Dar na Uingereza kungekuwa upuuzi kwasababu kule wazee ni wengi.

Kipimo kimoja ninachokipenda kwasababu kinaeleweka ni hiki: chukua vijana 1,000 waliofikisha miaka 15, waache waishi kwa viwango vya vifo vya mwaka huu, je wangapi hawatafika 60? Hao ndo tunaowazungumzia. Na kwenye nchi ambayo usajili wa vifo haujakamilika, namna moja ya kupata jibu ni kuuliza watu kuhusu ndugu zao. Kwenye ule utafiti wa kaya wa afya ya uzazi na mtoto unaofanyika kila baada ya miaka kadhaa, mwanamke anaulizwa mama yako alizaa wangapi, nani yuko hai, aliyekufa alikuwa na miaka mingapi, alikufa mwaka gani. Hakuna anaesahau kaka yake. Takwimu za vifo vya uzazi tunazozisikia, 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 na 104 kwenye ule wa 2022, zimetoka kwenye maswali hayo ya dada na dada, na ni kushuka kukubwa sana, ingawa vifo vya namna hiyo ni vichache ndani ya sampuli kwahiyo kila namba inakuja na wigo mpana pembeni yake, usiishike kama bei ya mchele.

Nguvu ya hivi vipimo utaiona kwenye UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Sensa ya 1988 ilikadiria umri wa kuishi ni miaka 50, sensa ya 2002 ikakadiria 51. Mwaka mmoja tu kwa miaka kumi na minne, wakati watoto wanachanjwa na vifo vya watoto vilikuwa vinapungua. Maana yake kuna kitu kilikuwa kinakula katikati, watu wa miaka 25 hadi 45, na wote tuliokuwepo tunakumbuka bibi waliobaki wanalea wajukuu. ARV za bure zikaanza kusambazwa kuanzia 2004, na sensa ya 2012 umri wa kuishi ukavuka 60. Mi nikiona huo mstari unavyoinuka napata moyo, kwasababu unaonyesha vifo vya watu wazima sio hali ya hewa kwamba utangoja ipite. Utafiti wa 2022/23 umekuta maambukizi ya VVU asilimia 4.4 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, bado ni wengi, lakini wengi wao wako kazini leo.

Ajali nitasema kidogo. Kwenye ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, polisi wa Tanzania walikuwa wamerekodi vifo 3,256 vya barabarani kwa mwaka 2016, shirika lenyewe likakadiria zaidi ya 16,000. Sio lazima mtu awe amedanganya. Aliyegongwa Jumatatu akafia wodini Alhamisi ya wiki ya pili inahitaji mtu wa kurudi kwenye lile faili, na bodaboda aliyeanguka mwenyewe usiku njia ya Hombolo akabebwa na wenzake pengine polisi hawajaitwa kabisa. Na namba kubwa nayo ni makadirio ya kimahesabu, sio watu waliohesabiwa mmoja mmoja. Ukweli uko humo katikati na utapatikana siku usajili ukikamilika.

Ila mfano unaoonyesha vizuri zaidi namna chanzo kinavyosakwa tunao hapa hapa katikati ya nchi. Katikati ya mwaka 2016 watu walianza kufika vituo vya afya upande wa Chemba na Kondoa, na baadae na Manyara, wana macho ya njano, tumbo limevimba, wanatapika, miguu imejaa. Familia moja inaumwa, ya jirani haiumwi. Watafiti wakafanya kile ambacho ndo moyo wa hii kazi, hawakuangalia wagonjwa peke yao, walilinganisha na wasioumwa wa maeneo yale yale. Mnakula nini, mahindi mnayatunza wapi, mnayaanika juu ya nini. Wakachukua sampuli za unga na za damu. Ikaonekana ni sumukuvu, sumu ya fangasi inayoota kwenye mahindi na karanga visipokauka vizuri au vikipata unyevu ghalani, na haiondoki kwa kupika, ugali ukisongwa vizuri namna gani sumu inabaki. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 60 na karibu 20 wakafariki, wengi wakiwa watoto.

Sasa sikiliza hapa. Hao tuliwaona kwasababu waliugua pamoja, mahali pamoja, ndani ya miezi michache. Lakini sumukuvu kidogo kidogo kwa miaka ishirini haileti mlipuko, inaleta saratani ya ini, na ikikutana na mtu mwenye homa ya ini B hatari haijumlishwi, inazidishwa. Chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga ilianza hapa nchini mwaka 2002, kwahiyo kila aliyezaliwa kabla ya hapo, yaani karibu watu wote walioko makazini leo wenye familia, alikua bila hiyo kinga. Mtu wa miaka 47 anafia kijijini tumbo limejaa maji, msibani watasema ini, wengine watasema pombe, wengine watasema mkono wa mtu. Mmoja mmoja, kijiji hiki na kile, mwaka huu na mwaka kesho. Hakuna atakaeona ni kitu kimoja mpaka apatikane mtu wa kukaa chini kuvikusanya. Vifo vingi vya watu wa umri wa kazi viko hivyo, vinatokea kimoja kimoja.

Na ukishakusanya bado unaweza kudanganyika. Kuna mtego mmoja mzuri kuuelewa: ukilinganisha vifo vya wafanyakazi wa kiwandani au wapasua kokoto na vifo vya watu wote mtaani, mara nyingi wafanyakazi watatoka wazima zaidi, utasema vumbi la mawe halina shida. Kumbe aliyeshindwa kupumua alishaacha kazi zamani, karudi kwao, na kifo chake kimehesabiwa kule kwa "watu wa mtaani". Kazi ilimuua ila haikuandikwa kwenye daftari la kazi. Mtego mwingine ni kugeuza mbele nyuma, ukiangalia haraka haraka utakuta wanaotumia dawa za presha wanakufa kuliko wasiotumia, na mtu atakwambia unaona, dawa ndo zinaua! Wakati waliopewa dawa ndo waliokuwa wagonjwa tangu mwanzo. Hili jambo limeua watu mtaani kwetu, nalisema bila kutania. Dawa inapimwa kwa kulinganisha wagonjwa kwa wagonjwa, wanaofanana, nusu wanapewa nusu hawapewi, na kwa dawa za presha hilo limefanyika mara nyingi na jibu linajulikana, zinapunguza kiharusi.

Kuna utafiti mmoja wa London ambao kila mtumishi wa serikali anaehamia Dodoma angepaswa kuusikia. Mwaka 1967 walianza kuwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000 watumishi wa serikali ya Uingereza. Wote wana ajira, wote wako maofisini, hakuna maskini wa kulala njaa. Wa vyeo vya chini kabisa, wahudumu na walinzi wa milango, walikuwa wanakufa kwa kiwango cha karibu mara tatu ya wale wa juu, na sio wa chini na wa juu tu, ilikuwa ngazi, kila cheo kinakufa zaidi ya kilicho juu yake. Sigara, presha na mafuta ya damu vilieleza sehemu tu ya tofauti. Kilichobaki kinahusu kazi yenyewe na maisha yanayoizunguka, una usemi gani na muda wako, nani anaamua lini upumzike. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi wakatoa makadirio kwamba kufanya kazi masaa 55 na zaidi kwa wiki kulihusika na vifo 745,000 vya kiharusi na moyo duniani kwa mwaka 2016 pekee. Na Marekani, pamoja na utajiri wote, mwaka 2015 wachumi Anne Case na Angus Deaton walionyesha kwamba wazungu wa kule wenye miaka 45 hadi 54 vifo vyao vilikuwa vinapanda tangu mwisho wa miaka ya tisini, dawa za kulevya, pombe, kujiua, wakati nchi nyingine tajiri vinashuka. Waliona hivyo kwasababu kule kila kifo kina cheti, na walikuwa na subira ya kuvipanga kwa umri na kwa elimu.

Ukiushusha mnyororo wa fundi mpaka huku chini, presha sio mwisho wake. Chini ya presha kuna dawa alizoacha. Chini ya dawa alizoacha kuna kliniki ya asubuhi siku ya kazi, na kazi ya kulipwa kwa siku, usipofika hulipwi na kesho nafasi yako ana mtu. Hiyo mistari hakuna fomu inayoiandika, lakini mwenye kuuliza vizuri atasimuliwa.

Mi nilikwenda kumuona mjane kama mwezi baada ya msiba, sikuwa mtafiti, jirani tu, tukawa tunapanga vitu vya marehemu. Ndani ya begi la vifaa, katikati ya pimamaji na kamba, kulikuwa na daftari la kliniki la kurasa 40. Kurasa mbili zimeandikwa. Mara ya kwanza 170 kwa 105, mara ya pili 180 kwa 110, dawa ameandikiwa, na tarehe ya kurudi imepigiwa mstari mara mbili na nesi. Mjane akaitazama hiyo tarehe muda mrefu, akasema hiyo ndo wiki waliyoanza kumwaga zege la ile ghorofa upande wa Ihumwa, wakawa wanaondoka saa kumi na moja alfajiri wanarudi usiku, jumapili hamna. Dawa zilikuwa za siku 30.

Mdogo wake marehemu alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza, nae ni fundi, miaka 36, saiti ile ile. Nikamuuliza shemeji yako hajakwambia ukapime? Akasema amemwambia. Nikamuuliza sasa lini, akasema wakimaliza slabu.